Ombi la Kuachwa Kifudifudi

Kwa Daktari Pelkonen, bingwa wa macho,

Mimi ni Arvo Lehtinen, mwalimu mstaafu wa Kilatini, yule mzee wa jicho la kushoto. Moyo wangu, wasema wenzako, hautaifikia siku barafu ya ziwa itakapoyeyuka. Kwa hiyo nitasema kweli. Ninakulalamikia kwa kuniponya.

1. Tukivua samaki ziwani, mdogo wangu Reino alipovuta mshipi kwa nguvu, chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoano, lilichomoka likanipiga jichoni, na retina, utando wa nyuma ya jicho, ikabanduka. Uliirudisha, ukajaza jicho gesi, ukaniamuru nikae kifudifudi wiki mbili ili kiputo cha gesi hiyo kiibane mahali pake. Nilitii. Nilikodishiwa kiti chenye tundu la uso, nikatazama sakafu.

2. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, ndugu wawili huweza kuvua kutwa nzima juu ya barafu bila kusemezana, na jioni wakayasifu mazungumzo. Lakini mtu anayetazama sakafu hatazamiki ila na aliyelala sakafuni. Basi Reino, mzee wa miaka sabini na tisa, akalala chali chini ya uso wangu, akasema, "Kaka, lile chubwi niliona limelegea. Nikaona uvivu kuvua glavu nilikaze." Kisha akalia, machozi yakamteremkia masikioni. Dada yetu Lempi akaja na mkate wa iliki, naye akalala. Mchungaji akalala. Hata fundi aliyekuja kutengeneza hita alilala, akatusimulia talaka yake yote.

3. Kiputo kimekwisha. Ninasoma kalenda ya ukutani kwa jicho lile lile. Nikikaa wima, nao watakaa vitini, watazungumzia theluji, watakwenda zao.

4. Kwa hiyo nimewaambia umeniongezea muda. Ni uongo, ninauungama. Nakuomba uufanye kweli: niandikie cheti cha kukaa kifudifudi mpaka kufa. Tena uagize jeneza langu liwe na tundu la uso, na chini yake paachwe nafasi ya watu wawili wanene.

Wasalimie wauguzi wote, na mkeo, na yeyote anayeendelea vizuri.

Wako mtiifu, mwenye shingo iliyokakamaa,
Arvo Lehtinen

N.B. Usiandike cheti. Reino amelala hapa sakafuni kando ya karatasi ninayoandikia, na amesoma kila neno. Amesema, "Kaka, tangu Jumapili tunajua umepona. Lempi aliipigia simu kliniki." Nikamuuliza mbona basi bado wanalala chini. Akasema sakafu hii haina ubaya.