K Isiyofanya Kazi

Jumatatu, Machi 3

Dhuluma! Dada wa mapokezi ameacha kazi, kapata hoteli kubwa kuliko hii yetu. Kiti chake kiko wazi. Kiti chenye mgongo! Chenye magurudumu! Nilistahili kuitwa na kukabidhiwa tu, mimi niliyesimama kupiga pasi mashuka ya hoteli hii mpaka magoti yamegoma kukunjika. Badala yake mama meneja ametangaza usaili. Ijumaa. Kwa Kiingereza. Na nani mwingine kaomba? Shemeji! Kaka wa mke wangu, mhudumu wa mezani, niliyemtafutia kazi hapa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kiingereza chake ni "yes" na tabasamu.

Nimemlalamikia mke wangu. Akasema atatuombea sote wawili. Sote! Huyu ni mke wa nani?

Lakini nina akili. Lugha nzima haijifunziki kwa wiki moja. Ukoo mmoja wa maneno unajifunzika. Nimefungua kamusi, nikachagua maneno yanayoanza na K kisha N. Ni machache, tena ya ajabu. Wakiyasikia watadhani mengine yote nimeyamaliza.

Jumanne, Machi 4

Maneno matamu! Knee, goti. Kneel, piga magoti. Ndugu kabisa, kama pika na mpishi. Knock, bisha hodi. Knife, kisu. Knead, kanda unga. Nimeyatamka siku nzima juu ya pasi, K ikilia kama mlango unaovunjwa: kinii! kinaifu!

Mpishi akaja kuchukua vitambaa vya meza. Akacheka hadi akashika ukuta. Ati K hiyo haisomwi. Inaandikwa, halafu inanyamaza. Nikamuuliza, sasa imewekwa ya nini? Akasema wenyewe ndivyo walivyo.

Upuuzi! Kwetu kila herufi inatoka jasho. Hii inakaa mbele kabisa ya neno, kama mgeni rasmi, na haifungui mdomo! Nimemuuliza mke wangu, ambaye husikiliza redio ya Kiingereza. Naye akasema haisomwi. Wamekula njama.

Jumatano, Machi 5

Si njama. Yule bibi mzee Mwingereza wa ghorofani, mgeni wetu wa siku nyingi, leo ameomba kisu. Nimemsikia mwenyewe: "naifu". K imekufa.

Na msiba hauishii hapo. Knight, shujaa wa farasi anayetunukiwa na mfalme, anasikika sawasawa na night, usiku. Knot, fundo, sawa na not. Na know, kujua, sawa na no, hapana! Watu wanaotamka "najua" na "hapana" kwa sauti moja, wakiposana hujibiana vipi?

Hapo wazo likaniingia. Nikamwalika shemeji chai jikoni. Nikamwambia, kwa upole wa kifamilia, kwamba Ijumaa akiulizwa lolote ajibu kwa kifupi: "no". Yaani najua. Akashangaa, kwani no si hapana? Nikamweleza kuwa hiyo ni no ya mtaani. Hii ina K ndani, ila haionekani. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema hajaona shemeji kama mimi. Akanimegea mkate wake. Nikaula.

Alhamisi, Machi 6

Mke wangu amejua. Kaambiwa na shemeji mwenyewe, akinisifu! Akaweka mwiko chini.

"Wewe mwanaume," akasema, "kesho asubuhi utamwambia kaka yangu ukweli. La sivyo, na shati lako utajipigia pasi mwenyewe, na chai utajichemshia mwenyewe."

Nimekubali. Ninaonewa hata ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa, Machi 7

Nilimtafuta kweli. Nikamkuta anafunga tai. Tai! Tena amependeza. Hasira zikanipanda, nikanyamaza kama K.

Meneja alimketisha yule bibi mzee awe mgeni wa majaribio. Shemeji akatangulia. Mimi sikio mlangoni. Ana uzoefu wa mapokezi? "No." Anaweza kompyuta? "No." Amewahi kutuliza mgeni mwenye hasira? "No." Nilijiuma ngumi nisicheke.

Mara meneja akapiga meza. Akasema amechoka na watu wanaojidai kujua kila kitu. Hatimaye mtu mkweli! Atafundishwa kuanzia mwanzo. Bibi akapiga makofi.

Anapewa kazi kwa uongo WANGU!

Zamu yangu. Nikaulizwa, mgeni akiingia nitafanya nini? Nikajipanga. "I knock," nikasema, maana ya kubisha hodi chumbani kwake. "I kneel," kwa heshima. Kisha, maana ya kumkatia mkate, kwa sauti kubwa: "I knife!" Bibi akavuta mkoba wake kifuani, akarudi nyuma na kiti chake.

Meneja alifikiri. Akasema labda mimi nafaa kuwa "night". Knight! Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nikainama. Akashangaa nilivyofurahi.

Jumamosi, Machi 8

Ni ile isiyo na K. Kuanzia kesho nafua na kupiga pasi zamu ya usiku. Mke wangu nilikuwa nimeshamtangazia kwamba nimetunukiwa. Kaniachia birika tupu. Na shemeji kaja na keki, ananishukuru mbele ya watu, ati bila mimi asingefika. Akaniuliza kama ninaumwa. Nimemwambia ni magoti.

Jumapili, Machi 9

Nimelala mchana, nimewaza, nimegundua kosa liko wapi. Si langu! Niliuchagua ukoo mbaya. K na N ni wanafiki. Wa kweli ni P na H, ambao wakikutana husomwa F. Nani kaiiba F, na kwa nini hakamatwi? Hilo nitalishughulikia baadaye. Phone, simu. Photo, picha. Physician, daktari. Phobia, hofu kubwa.

Shemeji kapita jioni kuniomba neno zuri la kumkaribishia mgeni wake wa kwanza. Nimempa phobia. Nimemwambia maana yake ni ukarimu. Kaandika kiganjani, kanikumbatia. Kesho mgeni akishuka tu ataambiwa kwamba hoteli yetu ina phobia kubwa, na kwamba yake inamsubiri chumbani.

Tuone kama atasifiwa kwa ukweli tena.