Ombi la Kupunguziwa Uzito Usio Wangu

Kwa Mkuu wa Mizani,
Chumba cha Juu, Ngazi za Chuma,
Barabara Kuu.

Mheshimiwa Mkuu wa Mizani,

YAH: LORI LA SARUJI LILILOKO YADI KWAKO, KARIBU NA CHOO

Pokea shikamoo yangu ikiwa umenizidi umri. Ikiwa mimi ndiye niliyekuzidi, itunze, utanirudishia tukionana.

Mimi ni dereva wa masafa marefu. Madereva wenzangu huniita Breki Mbili, kwa sababu sijawahi kukanyaga moja nikaridhika. Niko barabarani miaka mingi na sijawahi kukorofishana na mizani ya mtu yeyote. Lakini jana Alhamisi, nikirudi kutoka kiwandani na saruji, ofisa wako mwenye kizibao cha reflekta alitazama namba zikitulia kwenye kioo, akatikisa kichwa, akaniambia nimezidi. Tena si kidogo, akasema, ekseli ya nyuma inalia. Akaniuliza nimebeba nini zaidi ya saruji. Mimi si mtu wa kuficha. Nilimjibu, "Nimebeba mengi, afande, we acha tu." Badala ya kunipa pole akaniandikia tiketi, akanielekeza yadi, nikae huko mpaka nipunguze.

Mheshimiwa, kesho Jumamosi binti yangu anaolewa. Ndiye mtoto wangu wa pekee. Siku aliyozaliwa nilikuwa naziba pancha. Siku aliyoanza shule nilikuwa kwenye foleni ya mpakani. Siku aliyomaliza shule niliwapigia honi kwenye simu, wakasikia wote, lakini honi si baba. Safari hii aliniambia, "Baba, hii moja tu, usinikose." Nisipofika, atakayeingia naye ukumbini ni kaka yangu mkubwa, mtu ambaye mpaka leo hukosea jina la binti huyo. Jambo hilo linaniuma sana na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Nimekaa juu ya tairi la akiba nikafanya uchunguzi mimi mwenyewe. Nimegundua kwamba uzito uliozidi upo kweli, ila si wangu. Nimetwishwa njiani na watu ninaowafahamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu nilitoka nyumbani na lori tupu, tela likigongagonga kama debe. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni, kakunja mikono, akasema, "Safari njema." Basi. Hakuongeza neno. Wewe ni mtu mwenye familia, sina haja ya kukueleza kwamba "safari njema" ya mikono iliyokunjwa ni maneno mazito kuliko matusi. Sikujua nimekosa nini, na sikuthubutu kuuliza. Kwenye ule mlima wenye kona tatu, ambao lori tupu huupanda huku dereva anapiga mluzi, nilishuka gia hadi ya pili. Injini ikakohoa. Malori yaliyojaa yalinipita, madereva wake wakinipungia mkono kwa huruma. Hebu nieleze, Mheshimiwa, kama maneno hayana uzito, nilikuwa navuta nini?

2. Jumanne mama mkwe alinipigia simu. Ninamheshimu sana, na haya ninayoyaandika naomba yasitoke nje ya ofisi yako. Mama mkwe ana masikio mazito, kwa hiyo inabidi uongee naye kwa sauti nzito, naye kwa kuwa hajisikii hujibu kwa nzito zaidi. Hapo hapo nikawa nimeshapakia vitu vitatu. Kisha akaniarifu kwamba ukoo wa bwana harusi ni watu wazito, hivyo nisije nikatokea na lile shati langu lenye grisi. Alilirudia hilo neno, watu wazito, watu wazito, mpaka nikasimamisha gari kando kuangalia matairi. Moja lilikuwa limekaa kinyonge kabisa. Nikalijaza upepo, lakini wale watu walibaki kwenye gari. Sijawahi kuwaona, Mheshimiwa. Nimewabeba tu.

3. Tajiri wangu, mwenye lori, ana jina zito. Limeandikwa mlango wa kulia, limeandikwa mlango wa kushoto, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa kwa herufi zinazoniziba nisione mawingu. Jina moja, linapimwa mara tatu. Isitoshe ana mkono mzito. Nimemwomba feni ya kebini tangu ile ya kwanza ilipojifia, anajibu kwamba dirisha lipo.

4. Najua utasema kiwandani walinipima na karatasi ikaonyesha sijazidi hata mfuko mmoja. Ni kweli, karatasi ninayo. Lakini kule hupima mifuko, hawampimi dereva. Walipokuwa wakipima, mimi nilikuwa nje kivulini na mawazo yangu yote. Baada ya hapo nililala usingizi mzito, nikaamka na macho mazito na kichwa kizito, na kwa kuwa haiwezekani dereva kuacha kichwa nyuma, vyote nikavipandisha kwenye gari. Hapo ndipo tofauti ya karatasi yao na tiketi yako ilipoanzia.

5. Kaka yangu mkubwa, yule yule, alinitumia ujumbe: "Usihangaike mdogo wangu, hata usipofika mimi nipo, nitasimama." Mtu asiyemjua angesema huo ni wema. Ameshanunua suti. Shemeji yake, yaani mke wangu, ndiye aliyenitumia picha. Ujumbe ulikuwa mfupi, lakini baada ya kuusoma nilishindwa kuiinua simu kwa mkono mmoja.

6. Nikiwa bado naelekezwa yadi, dereva wa magodoro alipita juu ya mizani yako anaimba. Mzigo wake ulikuwa mrefu kuliko ofisi yako, lakini namba hazikujisumbua hata kupanda. Nilimfuata kwenye meza ya chai nikamhoji. Hana mke, hana mama mkwe, hana kaka, na lori ni lake mwenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wa huyu bwana naona ni usufi kweli. Kuna watakaokuambia kwamba tofauti yangu na yake ni saruji na magodoro. Hao ni watu wasiopenda kufikiri.

7. Ili usione nasingizia familia yangu, jana jioni nilifanya jaribio. Nilimpigia mke wangu nikaomba msamaha kwa yote, yaliyopita na yajayo. Akajibu, "Sawa." Nikakimbilia kwenye lori, nikalipandisha tena mizani. Namba zile zile! Ofisa wako alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini mimi sikukata tamaa, nikaenda kuwauliza waume wenzangu pale yadi, nao kwa kauli moja wakanieleza kwamba "sawa" ya mke, ikija peke yake bila neno la kuisindikiza, si sawa. Kumbe mizani yako ilijua kabla yangu kwamba sijasamehewa. Kwa hili nakupongeza kwa dhati, kifaa chako ni cha uhakika. Miaka yote nimeishi na hizo sawa bila chombo cha kuzipimia.

8. Sasa nakuja kwenye ubaguzi, na hapa naomba univumilie nikipandisha sauti kidogo.

Hapo kwenye mizani yako kuna mama muuza chai, naye ni mjamzito. Nimemtazama asubuhi yote. Anakatiza juu ya bamba lako la chuma na chupa zake, anakwenda, anarudi. Neno lenyewe limesema wazi: mja mzito. Hapewi tiketi, haelekezwi yadi, haambiwi apunguze. Ofisa wako yule yule aliyenicheka mimi husogea kumpisha, humwambia pole, na leo kamletea kiti. Sina wivu na kiti. Nilijiuliza tu, huyu kabeba nini ambacho mimi sijabeba?

Amebeba mtoto. Na mimi nimebeba mtoto. Wa kwake ana miezi, wa kwangu ana miaka ishirini na minne, na kwa hesabu ya kawaida wa kwangu ndiye mzito zaidi. Sijawahi kumshusha hata siku moja. Nimepanda naye milima yote na kushuka naye, nimelala naye kwenye foleni, nimeziba naye pancha kwenye mvua, na yeye muda wote alikuwa nyumbani anajua baba hayupo. Hakuna aliyewahi kuniambia pole kwa mzigo huo. Ukweli ni kwamba nimechoka, Mheshimiwa, na naogopa kwamba kesho wataanza bila mimi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nitashukuru hata ukinipa nusu. Kwanza, tiketi zenu ziwekwe nafasi ya kuandika uzito wa maneno, utolewe kwenye jumla kabla dereva hajaaibishwa mbele ya wenzake. Pili, wote walionizidishia waitwe waje wachukue chao. Mke wangu aje achukue "safari njema" yake, kaka aje achukue ujumbe wake pamoja na suti, tajiri aje afute majina mawili abaki na moja. Mama mkwe naye aje awateremshe watu wake wazito mmoja mmoja. Najua mwito hatausikia, basi mtume mtu mwenye koo.

Ukiona hayo yatachukua muda, naomba jambo moja tu, na nimelifikiria vizuri kabla ya kuliandika. Kuanzia sasa hivi hadi kesho jioni nitambuliwe rasmi kama mjamzito. Nipishwe njia, niambiwe pole, niachwe nipite. Kiti sihitaji, ninacho kwenye lori. Usihofu kwamba madereva wote wataomba hivyo hivyo, kwa sababu wengi wao wanaona haya, na wasioona haya hawana ushahidi kama wangu. Nikishamfikisha binti ukumbini na kumkabidhi kwa mwenzake, nitahesabika nimejifungua. Jumatatu nitapita hapa kwako unipime upya. Nina hakika utanikuta mwepesi, ingawa sijui kama nitafurahi.

Ninafahamu kwamba sheria ni sheria. Lakini hata sheria ina mama yake, na mama huyo angekuwa hapa yadi, akaniona nilivyokaa juu ya tairi, angemwambia mwanawe asogee kidogo.

Nisikuchoshe. Nisalimie ofisa wako, mwambie sina kinyongo naye, kicheko chake nimekisamehe kwa "sawa" yenye neno la kuisindikiza. Nisalimie mama muuza chai pamoja na huyo anayekuja. Nisalimie mlinzi wa geti na mbwa wake, wamenifadhili usiku kucha. Dereva wa magodoro akipita tena, mwambie aoe, asituchafulie takwimu. Mkeo pia msalimie sana, na ukimkuta kakunja mikono, usitoke nyumbani kabla hujauliza.

Ni mimi, niliyezidi bila kukusudia,

Breki Mbili
(yadi, karibu na choo)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua, binti akapiga simu kuuliza zawadi yake imefika wapi, nikagundua kwamba sikukutajia. Ni kabati la nguo la milango minne, mbao ngumu tupu, na kitanda chake, na meza ya kulia ya watu wanane. Vyote nilivipitia jana asubuhi kwa fundi seremala, viko chini ya turubai, juu ya saruji. Vilipandishwa na wanaume kumi, na wawili kati yao walirudi makwao wameinama. Sikuviweka kwenye malalamiko kwa sababu ni zawadi, na zawadi ya mtoto haina uzito kwa baba yake. Ofisa wako amesimama hapa karibu yangu, kafunua turubai, hacheki tena, anasema sina ujanja, lazima kitu kishuke. Basi, Mheshimiwa, naomba kwa heshima zote ishuke saruji.