Toleo la Pili la Programu ya Vibali

Napenda kuutangazia umma kwamba Kamati ya Kulea Programu Huria ya Vibali vya Mifugo, ambayo mimi ni Mwenyekiti wake, imekamilisha Toleo la Pili kwa mafanikio makubwa. Kasoro pekee ni kwamba haliwaki.

Programu hii ni huria kwelikweli. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuirekebisha, mradi alete marekebisho yake kwa karatasi, nakala tatu, ofisini kwetu Chanika, kabla ya saa sita.

Yote yalianza mwaka 2003, mvua ilipogoma. Mzee Lengai, mfugaji wa hapa kwetu, alitaka kuwapeleka ng'ombe wake mia moja na kumi na wawili Hale, kwenye maji ya mto. Programu ikakataa kutoa kibali kwa kundi linalozidi tisini na tisa.

"Hao wengine wafe?" aliniuliza.

"Shikamoo mzee. Serikali haijasema wafe. Imesema wasizidi."

Rukaya, fundi kompyuta wa Korogwe, akaleta dawa: mstari mmoja wa programu, wa kuondoa kikomo hicho. Mmoja! Mstari mmoja unaujadili vipi kwa vikao vitano? Tukaujazia nyama. Juu kabisa kumbukumbu namba, kisha "Yah: Ng'ombe", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", chini saini yangu. Katibu muhtasi Yuditha akayachapa yote ndani ya programu, maana kisicho na kichwa cha habari ofisini hakipokelewi.

Siku ya uzinduzi nilikata utepe, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

"Mwenyekiti, kompyuta haisomi barua," alisema Rukaya. "Toa hayo maneno."

"Itazoea. Tuitishe kikao cha sita."

"Wawili wamekufa leo asubuhi," alisema Mzee Lengai.

Niliumia sana, nikaagiza iingizwe kwenye muhtasari.

Rukaya hakusubiri kikao. Alibeba programu kwenye disketi, akaenda intaneti kafe Korogwe, akatoa toleo lake mwenyewe mtandaoni. Leseni niliyoisaini bila kuisoma ilimruhusu. Bwana mifugo akalipakua, akachapa kibali, na kesho yake ng'ombe mia moja na kumi walikuwa wanakunywa maji Hale.

Siku hizi marekebisho yote yanapelekwa kwa Rukaya. Nami nilituma yangu, ya kurudisha saini ya Mwenyekiti. Alijibu siku hiyohiyo:

"Shikamoo mzee. Nimeijaribu. Saini yako ikiwepo, kibali kinakwama. Ikitoka, kibali kinatoka. Samahani."

Nimekata rufaa. Naambiwa rufaa zote zinasikilizwa na Mzee Lengai, akishamaliza kunywesha.