Mlango Alioutengeneza Baba Mkwe

Alhamisi, 8 Agosti

Mama mkwe ametamka jambo leo, nikalidaka kabla halijatua. Anataka kuuona mji mkuu kabla magoti hayajamgomea kabisa. Hasa mlango wa Maktaba Kuu. Marehemu baba mkwe alikuwa seremala. Aliitwa huko kuutengeneza, akakaa miezi minane. Watu wakanong'ona kwamba hakuna mlango, kuna mwanamke. Mama amelibeba neno hilo miaka arobaini. Marehemu alimwambia kwamba alichonga jani dogo karibu na bawaba ya chini, kwa ajili yake.

Nikasema nitawaongoza mimi, mji ule naujua kama kiganja changu. Kweli yenyewe: nimewahi kukaa huko siku tatu, mbili naumwa tumbo. Lakini Breki alikuwepo. Breki ni kaka wa mke wangu, dereva wa lori, hajawahi kugonga hata kuku. Mama humtaja kila anapotaka kunionyesha mwanaume alivyo. Alishafungua mdomo kujitolea. Ningefanyaje?

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefunga saluni mapema, nikaketi kwenye kiti cha wateja kusoma kalenda ya zamani iliyopo ukutani. Ina picha za majengo ya mji mkuu. Aprili ndiyo maktaba: ngazi, nguzo, mlango mkubwa wa mbao. Nimekariri mpaka Desemba.

Nikamwomba Breki aiache nyumbani simu yake yenye ramani, safari ya familia si ya kutazama vioo. Alicheka kidogo. Sikukipenda kile kidogo.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumerudi. Naandika kabla sijalala.

Tulishuka kwenye basi saa tatu asubuhi. Nikatangulia, mikono nyuma kama mkaguzi. Tulipita mzunguko wenye chemchemi, nikawaeleza historia yake, yote ya kubuni. Baada ya saa nzima tukaikuta tena. Nikasema hii ni pacha wa ile. Tulipoikuta mara ya tatu, mama akasema taratibu, "Kumbe walizaliwa watatu."

Breki akashauri tuulize. Kuuliza si ujinga, najua. Lakini kuuliza mbele ya shemeji ni msiba. Nikasema tumekaribia.

Saa saba, jua la utosi. Miguu ya mama ilivimba, akavua viatu akavishika mkononi. Mke wangu akawa anampepea kwa kanga, mimi kanipa mgongo.

Ndipo nikaona ngazi, nguzo na mlango wa mbao. Nikasema, "Mama, ndio huu."

Akapanda ngazi moja moja. Akaugusa ule mlango kwa kiganja, akapiga magoti kwa shida, akapapasa bawaba ya chini. Kushoto. Kulia. Hakuna jani. Nikasema huenda wamelipaka rangi. Akaketi kwenye ngazi, viatu mapajani.

"Basi waliyosema ni kweli," akasema.

Nilishaliona bango. Lilikuwa juu ya kichwa chake, herufi kubwa: Idara ya Maji. Breki naye aliliona. Akanisogelea, akanong'ona, "Sema wewe, shemeji. Sitaki nikuvunjie heshima."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Nilimwacha mama wa watu aamini kwamba mumewe alikuwa mwongo, kisa mimi nisijulikane kuwa mwongo.

Aliyetuokoa ni mlinzi. Alikuja kumwondoa mama kwenye ngazi, akaeleza kwamba jengo lina miaka sita tu, maktaba iko mtaa wa pili, Jumamosi hufungwa saa sita. Breki akambeba mama mgongoni bila kuniangalia.

Maktaba ilikuwa imefungwa. Lakini mlango uliofungwa ndio unaoonekana wote. Jani lilikuwepo, dogo kama ukucha. Mama aliliwekea kidole, akakaa hivyo muda mrefu. Mke wangu alilia. Mimi nilisimama kando ya pipa la taka, mahali pangu.

Wakati wa kurudi mama akanishika mkono. "Asante kunileta, mwanangu." Heri angenitukana.

Jumapili, 11 Agosti

Mke wangu amesema sentensi moja tu tangu jana: kwamba nilikuwa tayari kumfukua marehemu na kumzika upya kwa sababu naona haya kuuliza njia.

Nikaenda kwa mama kuomba radhi. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Nilipofungua mdomo nikajisikia nikimweleza kwamba serikali hubadilisha majina ya mitaa bila kutangaza. Akaniomba nimwongezee maji ya moto.

Niliongeza. Sijui kwa nini machozi yalinitoka.

Jumatano, 14 Agosti

Mwalimu mkuu alikuja kunyolewa. Wanafunzi wake arobaini na wawili watakwenda kwenye hifadhi ya wanyama, hawana kiongozi. Akauliza kama naifahamu.

Nilitaka kusema kweli. Nilihesabu mpaka kumi. Povu likaanza kumkauka kidevuni.

Nikamwambia kule mimi ni mwenyeji. Akafurahi, akauliza simba hulala saa ngapi, ili apange ratiba. Nikamjibu saa saba na robo kamili.

Akatoa kalamu, akaandika.