Kiatu cha Mama Mkwe

Kobe alikuwa keshaingiza gia, sisi tunapunga mikono, gari lake kuukuu linaondoka kijiweni na mama mkwe wake kiti cha mbele, anarudi kwake. Halijafika kona, likasimama. Redio, ambaye habari hazilali kwake, akakimbia akaokota kitu barabarani. Akakishika kama kipaza sauti.

"Habari zilizotufikia punde: kiatu cha mama mkwe kimeshuka kabla ya mama mkwe!"

Sakafu ilikuwa imetoboka, mguu wa mama unaning'inia chini ya gari.

"Mkwe wangu," mama akasema taratibu, na taratibu hiyo ndiyo iliyotutisha, "nilikuoza binti yangu, sikukuoza miguu yangu."

"Kutu kidogo tu, mama."

"Likinitupa njiani, narudi kumchukua binti yangu. Kwa miguu!"

Kobe jasho likamtoka. Akamwita Cheche, mchomeleaji wetu. Cheche akainua zulia la sakafuni, likachuruzika maji.

"Kobe, humu unafuga kambare?"

"We ziba tundu!"

"Nizibe na maji bado yanaingia? Huko ni kupaka wanja jicho linalotoa machozi. Yanapita wapi?"

Redio akaapa ni mpira wa mlango. Mimi nikasema paa. Cheche akachukua ndoo.

"Mama, unashuka?"

"Nikishuka, nimeshuka. Mwaga!"

Akamwaga mlangoni. Kimya. Juu ya paa. Kimya. Chini ya kioo cha mbele...

"Nimeyaona!"

"Wapi, mama?"

"Gotini kwangu!"

Cheche akachokonoa chini ya wipa, akatoa majani makavu konzi kwa konzi.

"Maji yalikuwa na mlango wake hapa. Umeegesha chini ya mti mpaka ukazibika, ndiyo yakaingia sebuleni."

Kiti kikatolewa, kikawekwa kando ya barabara, mama akakikalia kama hakimu. Cheche akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa.

"Sasa nipeni bati nene."

Tukatazamana. Kisha tukatazama tulichokalia: benchi la bati.

"Thubutu!" Redio akaruka. "Benchi hili ni ofisi!"

"Na ndoa yangu?" Kobe akalia.

"Ndoa yako, benchi letu sote!"

"Nyanyukeni," akasema mama mkwe.

Tukanyanyuka.

Mama alifika kwake mkavu, na viatu viwili. Binti yake bado yuko kwa Kobe. Kobe haegeshi tena chini ya mti, anaegesha pale lilipokuwa benchi. Cheche, Redio na mimi tunakaa humo garini kila jioni, miguu juu ya bati letu. Mvua ikinyesha hatuondoki.