Pejo Yenye Viti Vyekundu

Albertville, Jumatatu, 5 Agosti 1963

Wiki ya tisa bila mke. Adolphine bado yuko kwa dada yake Agnès, bado hataki kusikia jina langu. Kisa: niliuza cherehani yake nikanunua gari, Pejo. Kosa, nakubali. Lakini Pejo!

Leo habari njema. Mdogo wao Virginie anaolewa Jumamosi. Mama mkwe anakuja kwa meli ya ziwani kutoka Moba, na baada ya arusi yeye ndiye atakayeamua kama Adolphine atarudi kwangu au ataondoka naye. Nimeomba nimpeleke mama mkwe kanisani kwa gari langu. Wamekubali! Télesphore, mume wa Agnès, atambeba bibi arusi katika Folkswageni yake, ambayo huifuta kila asubuhi kama uso wa mtoto. Aliniuliza mbele ya watu kama viti vyangu bado vinanuka ndagala.

Vinanuka. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mchuuzi wa samaki. Ngozi imepauka, imelowa mafuta, na milango kwa ndani imechubuka yote. Nitapaka rangi kila kitu. Télesphore atatafuta pa kujificha.

Jumatano, 7 Agosti

Papa Ngoy, fundi viatu wa sokoni, kaniuzia rangi ya ngozi, nyekundu nzito. Akanipa na hotuba. Nioshe kwanza kwa sabuni. Nifute kwa esansi ya gari mpaka mafuta yaishe. Nipake nyembamba, ningoje siku nzima, nipake tena, mara tatu. Nikahesabu siku zilizobaki. Papa Ngoy anajua viatu. Mimi nina gari. Nimepaka mara moja, nene. Viti, milango, hata usukani. Uzuri usiosemeka! Mikono yangu ni myekundu hadi viwikoni, na kule biro, kazini, mkubwa wangu aliuliza kama nimechinja.

Ijumaa, 9 Agosti

Rangi haikauki. Ukigusa, kidole kinarudi chekundu. Na imefifia, haina mng'ao. Nimefikiri sana, kisha nimepaka mafuta ya mawese juu yake. Sasa inang'aa kuliko Folkswageni!

Meli imefika. Nilijificha nyuma ya maghala, maana mama mkwe hatazamwi usoni. Nikamwona Adolphine akimpokea mzigo. Amekonda. Nilitaka kumwita, nikakumbuka mama yake yupo pale. Ninakula peke yangu tangu mwezi wa sita, na sijawahi kumwambia mtu kwamba chakula hakipiti.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe alikaa nyuma, peke yake, amevaa kikwembe cheupe kipya alichokiweka kwa ajili ya siku hii. Kwa heshima niligeuza kioo kitazame paa, nisimwone. Hatukusemezana, kama inavyopasa. Jua lilikuwa kali. Kila alipojigeuza nilisikia kiti kikinata, nikajipa moyo kwamba ni ngozi nzuri tu.

Aliposhuka ndipo nikaona. Kiti kizima kilikuwa kimehamia kwake, kuanzia mgongoni kushuka chini, pamoja na mistari ya mishono.

Mkwe hamwambii mama mkwe habari za nguo yake, tena ya sehemu ile. Haiwezekani! Lakini Adolphine alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Neno moja sikioni, naye angemfunga mama yake kikwembe kingine. Niliogopa ataniambia, "Tena, Pontien?" Nikanyamaza. Nikajiambia ni heshima. Haikuwa heshima, ilikuwa woga.

Mama mkwe alipita katikati ya kanisa lote hadi kwenye komunyo, ametulia, anatabasamu, hajui lolote. Watu wakaanza kunong'ona. Aliyevua koti na kumpa Agnès amfunike mama alikuwa Télesphore. Télesphore!

Nje, Adolphine alinifuata garini. Aliniuliza kama niliona. Nikasema ndiyo. "Na ulinyamaza tu," alisema, "ukamuacha mama apite vile mbele ya bantu yote?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 11 Agosti

Baraza la ukoo kwa Télesphore. Wao ndani, mimi nyuma ya ukuta, na maneno yakiletwa na Agnès. Mama mkwe hakunitukana. Alisema kikwembe si kitu. Kilichomuuma ni kwamba mkwe wake alimwona akiaibika akatazama pembeni. Nililia pale nyuma ya ukuta. Hakuna aliyeniona ila kuku.

Kisha uamuzi. Adolphine atarudi. Yeye mwenyewe ameomba iwe hivyo! Ila nilete mbuzi wa kusafisha aibu, mama aondoke naye kwa meli ya Alhamisi. Awe mweupe mtupu, bila doa hata moja, ili waone moyo wangu umetakata. Télesphore alisema ana ndugu kule Nyunzu mwenye mbuzi weupe, ataleta mmoja kwa treni nikitaka. Nilimshukuru. Nilikataa. Ningekula vipi nyumbani kwangu nikijua ni mbuzi wa Télesphore aliyemrudisha mke wangu?

Jumanne, 13 Agosti

Soko lote nimelimaliza. Mbuzi mweupe hakuna. Nimepata mmoja aliye karibu na weupe: doa jeusi begani, jingine tumboni, mawili mapajani, na kichwa. Mnyama mpole sana.

Nimetandika kitanda na kufagia hadi chini ya kabati. Adolphine atakuta nyumba safi. Jumapili niliapa kwamba mambo ya rangi nimeachana nayo maisha yangu yote, na kiapo nakishika. Chokaa si rangi. Nimekoroga ndoo moja, na kichwa cha mbuzi tayari nimekipaka mara moja.

Mwezi huu hakuna mvua ya kuiosha. Na meli ya Alhamisi ni kubwa. Mbuzi akifungwa katikati, maji ya ziwa hayamfiki.