Kabichi za Kuwawahi Wadudu

Jumatatu, 6 Januari
Mama mkwe ametangaza! Shamba lake la bondeni, lenye maji, atampa mkwe atakayemletea kabichi nzuri zaidi. Wakwe tuko wawili tu. Mimi, na mwanyumba wangu aliyeoa dada wa mke wangu, mtu asiyegusa jembe kabla ya mvua. Mimi napanda miche leo, jua kali hivi hivi. Wadudu wakija na mvua, kabichi zangu zimeshafunga vichwa! Mke wangu kauliza nani atamwagilia. Nimemwambia asinivunje moyo.

Ijumaa, 31 Januari
Kwa majirani kote kukavu, kwangu kijani tupu! Nimempitisha mwanyumba makusudi aone. Akasema zimependeza, akaenda zake kulala. Wivu huo! Mgongo unaniuma kwa ndoo, ila si kitu.

Jumatano, 12 Februari
Vipepeo wadogo wamejaa shambani. Dalili njema! Hata wao wanajua pazuri.

Jumapili, 23 Februari
Balaa! Viwavi juu, vidukari chini, majani yamebaki matundu. Nimewatoa kwa mkono, wakarudi na jamaa zao. Bwana shamba amecheka mpaka akashika kiuno. Anasema kiangazi ndiyo karamu yao, mvua kubwa huwaangusha. Tena hakuna kabichi nyingine karibu, walitaka waende wapi? Nimemuuliza kama katumwa na mwanyumba.

Jumamosi, 8 Machi
Mawingu. Mama mkwe kaamuru ning'oe zote nizichome kabla mwanyumba hajapanda, wadudu wasihamie kwake. Nimechoma mwenyewe. Machozi yalinitoka. Mke wangu nimemwambia ni moshi.

Jumatatu, 9 Juni
Kabichi za mwanyumba hazina hata tundu la kusingizia. Shamba kapewa yeye. Roho imeniuma, sifichi. Kisha mwanyumba akanishika mkono mbele ya ukoo mzima.

"Mwanyumba, asante. Uliwalisha wadudu wote, mimi wakanisahau."

Mama mkwe akaongeza kwamba mwakani nipande tena mapema, matuta mawili pembeni mwa shamba hilo, wadudu wakishajaa nichome. Nimeingia bondeni! Matuta mawili tu, lakini nimeingia! Mke wangu anasema nimefanywa chambo. Haelewi mambo ya vyeo.

Kosa langu nimeshaliona: nilichelewa. Safari hii napanda Desemba. Mwanyumba asiambiwe.